Jogoo Mmoja kwa Ajira ya Ligi

Siku ya mnada pale Ikungi, Leonidas aliwakuta wanaume wakibishana mpira hadi wamesahau mbuzi waliowaleta kuuza, akajua Mungu hamtupi mja wake. Alitoa kitambulisho alichojichapishia mwenyewe, akakivaa shingoni, akatangaza kwamba ligi ya kulipwa imemtuma kuajiri maofisa wake.

Raha ya kazi hiyo aliisimulia vizuri: unakaa jukwaa la wakubwa na soda baridi, mpira wanaukimbiza wengine. Ada ya maombi ilikuwa jogoo mmoja wa kienyeji, maana ligi, alisema kwa huzuni, inaogopa fedha kwa sababu ya rushwa. Bonaventura, mchuuzi wa mbuzi ambaye angempunja hata mama yake mzazi, alileta majogoo wawili ili awe bosi.

Tenga lilipojaa, Leonidas akaanza kutafuta lori la kumtoa Ikungi na kuku wake. Hapo ndipo Magdalena, muuza mafuta ya alizeti na mlezi wa kombe la beberu, ambalo zawadi yake ni mbuzi dume, alipomsimamisha. Fainali ya Ikungi na Utemini haikuwa na refa.

"Mimi ni wa ofisini, mama," Leonidas alisema.

"Mtu wa ligi aogope mechi ya beberu?" Magdalena aliuliza taratibu, waombaji wote wasikie.

Wote wakamgeukia. Leonidas akapokea filimbi na kumkabidhi Magdalena lile tenga, kwa kuwa desturi ya kombe ilitaka refa aweke dhamana, arudishiwe timu zote mbili zikikiri ametenda haki. Hakuna aliyemwambia kwamba timu hizo hazijawahi kukubaliana hata juu ya mvua.

Alikimbia juani na viatu vyake vya kuchongoka, akitukanwa kwa Kiswahili na Kinyaturu. Mwishoni akawapa Ikungi penalti, wakashinda. Utemini walimfukuza kwa kuitoa, Ikungi kwa kutotoa ya pili.

Magdalena, kwa huruma zake, akamficha stoo nyuma ya magunia ya alizeti. Leonidas alikaa humo na kola bila shati, akisikia harufu ya majogoo wake, roho ikimuuma. Nje, timu zote mbili zilikuwa zikinywa supu kwa amani.

Kisha akamsikia Bonaventura mlangoni.

"Mama, yule bwana kakimbia. Na kazi yangu ya ligi?"

"Usijali, baba," Magdalena alimjibu. "Nafasi ya refa iko wazi. Wewe lete dhamana tu."

Bonaventura akashukuru, akaenda kuchagua mbuzi mnono.