Jino la Utetezi

Jumanne, 5 Machi

Siku kubwa! Baba mkwe ameshtakiwa!

Si jambo la kufurahia, najua. Mke wangu alinitolea macho nilipopiga makofi. Nikamweleza kwamba mimi ni wakili, na tangu nifungue ofisi sijawahi kumtetea mtu mbele ya mtu. Naandika mikataba ya viwanja. Naapisha watu waliopoteza vitambulisho. Hakunionea huruma hata chembe.

Mambo yenyewe ni haya. Baba mkwe anafundisha sarufi chuo kikuu. Desemba anastaafu. Wiki iliyopita mkuu wa kitivo alibandika waraka kwenye ubao wa matangazo, kuwaita walimu kikaoni. Waraka ukasema walimu wote "wasikose kutohudhuria". Baba mkwe akatii. Hakuhudhuria! Kesho yake akachukua kalamu nyekundu, akausahihisha waraka palepale ubaoni, akampa mkuu wa kitivo alama nne kwa ishirini, na pembeni akaandika: Rudia kazi hii. Wanafunzi wakapiga picha. Sasa ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu Jumanne ijayo kwa kumvunjia heshima kiongozi. Wanaweza kumfukuza.

Mke wangu analia. Anasema baba yake anaamka asubuhi kwa ajili ya wale wanafunzi wake wa mwisho, na wakimnyang'anya darasa sasa atatuzimikia. Nikamwambia asiwe na shaka, mumewe yupo. Akalia zaidi.

Maji baridi ya chakula cha jioni yamenigonga jino la nyuma. Nililalamika kidogo tu. Hakuna muda wa jino, kuna kazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimemtembelea baba mkwe ofisini kwake. Shikamoo, baba. Marahaba, Bwana Wakili.

Bwana Wakili! Miaka tisa nimemwoa binti yake na bado ni Bwana Wakili, tena kwa ile sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Mwanyumba wangu, yule daktari wa meno aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, yeye huitwa "mwanangu". Kafanya nini cha maana? Kaziba matundu.

Nikamwomba baba mkwe nimtetee. Akasema mdomo anao. Nikamuuliza atasema nini huko kwenye kamati. Akasema atasema ndiyo, aliusahihisha, na ile nne ilikuwa ya huruma.

Mungu wangu! Nikamsihi akane. Akaniuliza atakanaje mwandiko unaojulikana chuo kizima, mpaka na wapishi wa kantini. Hata hivyo amekubali nimsindikize, kwa sababu binti yake alimpigia simu akilia.

Nimefurahi mno. Kesho naandika utetezi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeandika! Kurasa saba! Kuna mahali hata mimi nilitokwa na machozi. Nikausoma kwa sauti ofisini, nimesimama, mkono mmoja kifuani. Muuza rangi wa duka la chini akapanda ngazi kuuliza nani amefariki. Hiyo ndiyo nguvu ya maneno.

Jioni nimempelekea baba mkwe nakala.

Ijumaa, 8 Machi

Nakala imerudi. Nyekundu tupu. Sita kwa ishirini! Pembeni ameandika: Maneno mengi, hoja moja, nayo umeizika ukurasa wa tano.

Angalau nimemshinda mkuu wa kitivo.

Lakini hilo si balaa. Balaa ni kanuni za kamati, ambazo nilizisoma leo baada ya chakula cha mchana. (Mke wangu ameuliza kwa nini sikuzisoma kwanza. Maswali mengine hayana hata adabu.) Kanuni inasema mtuhumiwa atajieleza kwa kinywa chake mwenyewe. Mwakilishi ataketi kando yake na kukaa kimya. Kimya! Mimi! Kurasa saba zote hizi nikae nazo mfukoni kama leso!

Nikasoma tena. Kuna mstari mmoja mdogo chini. Isipokuwa pale ambapo mtuhumiwa hawezi kusema, hapo mwakilishi atamsemea.

Hawezi kusema... Nimeuzungushia mstari huo duara.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Familia nzima ilikula kwa baba mkwe leo. Namtazama mzee, naona anatafunia upande mmoja na kushika shavu. Jino! Mzee ana jino bovu! Akili yangu ikawaka palepale. Jumanne kamati inakaa saa nane mchana. Mwanyumba amng'oe jino saa tano. Sindano ya ganzi, mdomo unakufa, mzee hawezi kutamka hata jina lake. Ndipo mimi nasimama, natoa kurasa saba. Yeye anapona jino, anapona kazi, na mwishowe ananiita mwanangu.

Nimemvuta mwanyumba uani nikamweleza kila kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla, akanitazama mdomoni, akasema sawa, tuje wote wawili. Wivu tu. Hakutarajia mpango mzuri kama huu utoke kwangu.

Baadaye nimemkuta ananong'ona na mke wangu jikoni. Waliponiona wakanyamaza. Nadhani wananisifu.

Jumatatu, 11 Machi

Nilidhani mke wangu atapinga mzee kupelekwa kwa daktari siku ya kamati. Wapi! Ameunga mkono mia kwa mia. Yeye mwenyewe ameongea na baba yake, na mzee amekubali bila ubishi. Mambo yananyooka yenyewe.

Nimenyoosha suti. Jino langu limenuna usiku na mchana, nimelituliza kwa karafuu. Jumatano nitaliangalia.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwa shida, shavu limevimba kama andazi. Lakini lazima niandike.

Saa tano tulikuwa kwa mwanyumba. Kiti kile, taa ile, harufu ile. Baba mkwe akasimama mlangoni, akasema hakai kwenye kiti ambacho hajaona mtu mwingine akikaa na kuinuka salama. Ala! Saa zinakimbia, mzee anagoma! Nikasema hiyo tu, baba? Nikakaa. Nikapanua mdomo kumwonyesha. Nikamwambia tazama, ni kama kwa kinyozi.

Mwanyumba akawasha taa. Akachungulia. Akaguna. Akamwita msaidizi wake, naye akachungulia, naye akaguna. Nikahisi kitu kinachoma ufizini. Nikataka kupinga. Nina hoja tatu za kisheria dhidi ya kung'olewa jino bila kutoa idhini! Lakini jaribu wewe kutaja hata moja ukiwa na vidole vya watu wawili mdomoni.

Jino likatoka. Mwanyumba akaliinua kwenye mwanga na kusema lingechelewa wiki moja ningelazwa. Akasema mke wangu alimwambia naugulia usingizini tangu mwezi jana.

Nikamnyooshea kidole baba mkwe. Na yeye je? Mzee akatabasamu. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yote ya juu, akampa mwanyumba ayakwangue kidogo, kwa sababu yalikuwa yanamkwaruza ufizi.

Ya bandia! Miaka tisa nakula meza moja na yule mzee!

Saa nane kamili tuko mbele ya kamati. Watu watatu, meza ndefu, mwenyekiti ni mama mmoja profesa wa uhandisi mwenye miwani kwenye kamba. Mkuu wa kitivo ameketi upande wa pili, mnyonge, anakwepa macho ya kila mtu. Mimi nina pamba mdomoni na nusu ya uso haipo. Mwenyekiti akaniomba nijitambulishe. Nikajitahidi kusema mimi ni wakili wa mtuhumiwa. Kilichotoka ni "Nini ni hakiri ha nhuhuniha." Karani akaandika kwamba mwakilishi ameanza kwa kuuliza swali, jambo lisiloruhusiwa.

Ndipo baba mkwe akasimama. Nikafumba macho. Nilijua amekwisha, na mimi nimemmaliza.

Akasema kanuni inamruhusu mwakilishi kumsemea mtuhumiwa asiyeweza kusema, lakini haikatazi mtuhumiwa kumsemea mwakilishi. Mwenyekiti akatafuta kwenye kitabu, akasema kweli, haikatazi. Basi mzee akaweka mkono begani kwangu. Akasema huyu ni mwanangu. Akasema leo asubuhi ameketi kwenye kiti cha daktari wa meno ili yeye asiogope, na kwamba ana kurasa saba mfukoni za kumtetea, zenye maneno mengi, na baadhi yake ni mazuri.

Mwanangu. Alisema mwanangu, mbele ya karani, na karani akaandika! Machozi yakanitoka. Nikasingizia jino.

Kisha akajitetea mwenyewe, kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyosalimia. Akasema ndiyo, aliusahihisha. Wanafunzi wake wanasoma ubao ule kila siku, na wakikuta lugha imevunjika wataizoea hivyohivyo. Mwenyekiti akaomba asomewe waraka. Karani akasoma "wasikose kutohudhuria". Mwenyekiti akamwomba asome tena. Mjumbe wa kulia akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Hapo mzee akanishangaza. Akasema hata hivyo alikosea. Waraka angeupeleka ofisini kwa mwenyewe, wakauzungumza mlango ukiwa umefungwa. Kuuacha ubaoni watu wamcheke mwenzake haikuwa sarufi tena, ilikuwa kiburi. Akamgeukia mkuu wa kitivo, akamwomba radhi. Mkuu wa kitivo akavua miwani, akafuta, akavaa. Akasema na yeye aliuandika waraka ule amesimama, akiwa na simu sikioni, na kwa kweli nne haikuwa mbaya.

Hukumu: onyo. Na kuanzia leo hadi Desemba, kila waraka wa kitivo upite kwanza kwa baba mkwe. Darasa lake amebaki nalo!

Mke wangu alikuwa anasubiri nje ya jengo, viatu mkononi, kakimbia kutoka kituoni. Alimkumbatia baba yake. Kisha akanikumbatia mimi, upande ule usiouma.

Jumatano, 13 Machi

Uji mwembamba asubuhi, mchana na jioni.

Baba mkwe amekuja kunijulia hali. Akaomba zile kurasa saba. Nikampa. Akageuza ya mwisho, upande wa nyuma usio na neno hata moja, akatoa kalamu nyekundu na kuandika: Kumi na nane kwa ishirini. Utetezi wako bora mpaka leo. Usiongeze kitu.

Ukurasa huo nimeutia kwenye fremu. Mke wangu akauliza kama sasa nimeelewa. Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nimeelewa kabisa.

Jumatatu, 18 Machi

Uvimbe umeshuka, sifa zimepanda! Leo ofisini amekuja mteja, mwalimu wa hesabu kutoka chuo kilekile. Amepanda ngazi mbilimbili. Anasema chuo kizima kinazungumza habari za wakili aliyeshinda kesi bila kufungua mdomo.

Ameshtakiwa kumrushia chaki naibu mkuu wa chuo. Anadai alilenga ukuta. Kamati inakaa Alhamisi. Maskini, ana wasiwasi mpaka kofia aliyoshika imejikunja kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Mke wangu aliniapisha juzi kwamba sitafanya tena mipango. Nimeapa, na kiapo ni kiapo. Lakini huu si mpango. Huu ni uzoefu. Nimeipima kesi ile kwa makini, hatua kwa hatua, nikaona wazi kilichomwokoa baba mkwe. Si ukweli. Si ile radhi. Ni jino!

Mteja akauliza aseme nini siku hiyo. Nikamwambia suala la kusema tutalifikia baadaye. Nikafunga mlango, nikawasha tochi ya simu, nikamwomba apanue mdomo.