Takwimu za Motomoto

Jumatatu, 3 Juni
Bosi katangaza: Jumamosi, siku ya punguzo la bei, atamchagua mkuu wa kitengo cha kompyuta hapa kwenye duka letu la vyombo. Kitengo kina watu wawili, mimi na Miwani. Kwa hiyo mkuu ni mimi! Nimeshamwambia mke wangu. Yeye keshamwambia mama yake. Hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Juni
Nimemfungia bosi skrini kubwa ofisini. Inaonyesha kila sufuria inayouzwa, papo hapo. Miwani anasema ripoti zichotwe kwenye nakala, ambayo ni ya kusomwa tu na hunakili kila kitu sekunde chache baadaye, tusiisumbue hifadhidata yenyewe ambayo makeshia wanaandikia mauzo. Eti keshia anataka aandike mstari mmoja aondoke, lakini ripoti yangu kila dakika inasoma mauzo yote tangu duka lifunguliwe. Wakipita mlango mmoja watabanana. Nikamjibu kwamba nakala ni kiporo, na bosi wangu hali kiporo. Bosi akacheka hadi akashika meza. Moja bila!

Jumatano, 5 Juni
Makeshia wananung'unika. Mashine zinasitasita. Keshia mkongwe, yule tunayemwita Shangazi, kaniuliza kama mashine yake imeamua kuzeeka pamoja naye. Nikasema ni mtandao. Mtandao hauna mdomo wa kujitetea.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa imepatikana! Faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu. Safu ikiwa na faharasa, hifadhidata haihangaiki kutafuta, inakwenda moja kwa moja. Basi nimeziweka kwenye kila safu: bidhaa, rangi, saa, hata jina la keshia. Skrini sasa ni umeme mtupu. Miwani kanitazama kwa huruma, akasema sufuria moja ikiuzwa itabidi iandikwe kwenye faharasa zote hizo kabla mteja hajaondoka. Masikini. Wivu hauna dawa.

Jumamosi, 8 Juni
Mola wangu! Watu walijaa tangu asubuhi. Bosi ofisini na wageni wake, macho yote kwenye skrini. Skrini ikasema: mauzo ya dakika hii, sifuri. Dakika iliyofuata, sifuri tena. Na haikusema uongo hata kidogo! Nikafungua ripoti kubwa zaidi ili nijue kwa nini hakuna kinachouzwa. Hapo mashine zikaganda kabisa. Shangazi akaachia kibodi, akakunja mikono.

Foleni ikafika barabarani. Na katikati ya foleni, beseni jipya kichwani, nani? Mama mkwe! Akauliza kwa sauti ya kusikika duka zima kama mkuu wa haya yote ndiye mimi mkwewe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamkimbilia Miwani. Nikamwomba. Ndiyo, mimi, nilimwomba! Akazisimamisha ripoti zangu, akazifuta faharasa zangu, akarudi kwenye chai yake. Mashine zote zikaanza kulia kwa pamoja. Foleni ikapiga vigelegele. Shangazi akainuka akacheza, nami nikacheza naye, maana nilikuwa na furaha kweli, sijui hata kwa nini.

Mkuu ni Miwani. Skrini imebaki, ila inasoma nakala, sekunde chache nyuma ya makeshia. Bosi hajaona tofauti yoyote. Mama mkwe kampongeza Miwani, kisha kamuuliza kama ameoa. Mke wangu hana dada.

Jumapili, 9 Juni
Nimepumzika. Nimetafakari. Nimejifunza mengi. Kosa lilikuwa la wateja, kuja wote siku moja.

Halafu nimeichungulia ile nakala ya Miwani. Imetulia tuli! Inasomwa na skrini moja, hakuna keshia hata mmoja anayeiandikia. Uvivu ulioje! Kesho asubuhi, kabla Miwani hajafika, ninawahamishia makeshia wote huko. Bosi lazima atanikumbuka. Nimeshamwambia mke wangu. Yeye keshamwambia mama yake.