Kamati ya Safari Adilifu

Wananchi wote walitangaziwa, kwa spika iliyofungwa kwenye baiskeli, kwamba mwaka huo wa 1996 kijiji chetu, jirani na Ifakara, kimeteuliwa kupokea Safari Adilifu ya Kuzama Katika Utamaduni. Wageni wanne, siku tatu. Ili wazame vizuri, ilikuwa marufuku kwenda shambani wiki nzima. Utamaduni ni watu, na watu lazima wakutwe nyumbani.

Uamuzi wa busara kabisa. Ulikuwa mwezi wa tano, mpunga umeshageuka manjano, ndege kwelea wanashuka kama wingu. Ekari yangu moja na nusu ndiyo chakula cha mwaka cha wajukuu watano.

Nami nilikuwa mjumbe wa kamati, kitengo cha mabibi. Kazi yangu ilikuwa kukaa barazani nikisuka ukili na kutabasamu kwa kiasi.

"Shikamoo, bibi," aliniamkia Bwana Fulgensi, afisa msafara, mwenye tai nyekundu.

"Marahaba, mwanangu. Na ndege wanaokula mpunga wangu?"

"Ndege hawamo kwenye ratiba, bibi."

Jirani yangu Stefania akadakia, "Basi waandikie barua wasite kula!"

Nikaazima mwongozo wa safari. Kurasa kumi na moja; nilizisoma zote kwa kidole, siku mbili. Kifungu cha tatu: mgeni atafanya kazi ya msimu pamoja na mwenyeji. Cha tano: afisa msafara hatatengana na wageni. Cha tisa: afisa atabaki kwenye kituo cha kazi mpaka kamati ikutane na kuifunga safari.

Wageni walipofika, mama mmoja aliyefundishwa Kiswahili na masista akaniuliza, "Bibi, msimu huu mnafanya kazi gani?"

Mjumbe hadanganyi. "Tunaamia ndege wasimalize mpunga."

"Bibi anatania," Bwana Fulgensi akacheka.

"Lakini kazi ya msimu imo humu," yule mama akasema, akiufungua mwongozo. "Na sahihi ni yako."

Kesho yake jua halijapanda, watu watano walikuwa juu ya dungu langu, kile kibanda cha nguzo katikati ya mpunga, wanapiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Wageni walifurahi mno. Bwana Fulgensi alivua viatu siku ya kwanza, tai siku ya pili, na siku ya tatu sauti ikamkauka. Kijiji kizima nacho kikaenda shambani. Nani abaki nyuma ya uongozi?

Wageni walipoaga, Bwana Fulgensi akaanza kushuka ngazi.

"Bado, mwanangu. Kamati haijafunga safari."

"Iko wapi hiyo kamati?" akanong'ona.

Nikamwonyesha wajumbe wenzangu: migongo sita, kila mmoja shambani kwake, imeinama inavuna.

"Itakutana lini?"

"Tukimaliza."

Nikamkabidhi debe, nikashika kisu changu nikaenda kuvuna. Kwelea walikuwa wanarudi.