Bi Kizee na Taa ya Njano

Jumamosi, 1 Machi

Nimeanza shajara kwa sababu mtu mwenye mipango mikubwa lazima aweke kumbukumbu. Baba mkwe anakuja Jumapili ya tarehe 9. Mwaka jana, macho yalipoanza kumsumbua, alituachia gari lake, ambalo nyumba nzima tunaliita Bi Kizee. Alituachia gari tu. Kadi ya umiliki alibaki nayo. Alisema ataona kwanza kama namtunza. La sivyo, Bi Kizee ataenda kwa shemeji. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana gari lake jipya na bado analitolea macho langu. Choyo!

Mpango: kusafisha injini mpaka mzee ajione uso. Nimesugua tangu asubuhi kwa mswaki wa zamani (mke wangu anasema haukuwa wa zamani, ulikuwa wake). Kwenye bomba moja jembamba la hewa nimekuta kipande cha mpira wa baiskeli, kimezungushwa kama bandeji. Aibu gani hii? Nimekitoa. Ila mpira wenyewe bado mzima, unavutika vizuri. Nimefungia shajara hii. Kwangu hakitupwi kitu.

Jumatatu, 3 Machi

Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya injini. Bi Kizee anatetemeka tukisimama kwenye makutano, tena anapiga mluzi mwembamba. Mke wangu ameuliza kama nimegusa kitu. Nimemjibu kwamba nimesafisha tu. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jicho la shemeji, hakuna kingine.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ana kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma ugonjwa wa gari. Nimekiazima. Nimemwambia ni kwa ajili ya jirani. Akauliza jirani yupi. Nikasema yule mgeni. Akauliza ana gari gani. Nikasema la kawaida tu.

Kifaa kimetoa namba: P0171. Maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Nimebonyeza pa kufuta. Taa imezimika! Nimemrudishia shemeji kifaa chake pamoja na salamu za jirani.

Jumatano, 5 Machi

Imewaka tena kabla sijafika kazini. Nimerudi kwa shemeji kumwambia jirani kazidiwa. Alitaka kuja kumwona. Nikamwambia jirani ni mtu wa haya sana.

P0171. Ileile!

Nimetumia akili. Hewa imezidi? Basi ipunguzwe. Nimeziba nusu ya chujio la hewa kwa soksi, safi kabisa. Bi Kizee amezimika katikati ya lango la ofisi, mkuu wa idara akiwa nyuma yangu. Amesukuma mwenyewe, na tai yake shingoni. Soksi nimeitoa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi. Aliinamisha sikio juu ya injini, akasema kuna mahali panavuta hewa. Nimwachie gari apulize moshi kwenye mabomba, na palipopasuka patajionyesha. Moshi! Nimemwambia nimeleta gari, si mzinga wa nyuki.

Akauliza kama kuna kitu kimefunguliwa hivi karibuni. Nimemhakikishia kwamba hakuna. Nikamwonyesha na shajara, mambo yote yameandikwa humu. Fundi akautazama ule mpira kwa muda mrefu, akauliza nimeutoa wapi. Nikamwambia hauuzwi.

Nimenunua kihisio kipya cha oksijeni, kile kinachopima hewa kwenye moshi wa injini, na kukifunga mwenyewe uani. Vidole vitatu vina plasta. P0171.

Jumamosi, 8 Machi

Kesho ndiyo kesho. Niandike ukweli, maadamu humu hasomi mtu: nampenda Bi Kizee. Mke wangu alipelekwa shule ndani yake. Nyuma ya kiti cha dereva kuna nyumba aliyoichora kwa kalamu akiwa na miaka saba, nyumba isiyo na mlango. Kila nikipakia mizigo huitazama. Shemeji akimpata, atabadilisha viti wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo nimebandika utepe mweusi juu ya taa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na utepe wa ubora huu.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe kaja na shemeji. Dashibodi hakuitazama hata mara moja. Aliketi kiti cha mbele, akaniomba niwashe, akafumba macho.

"Macho yangu yamestaafu, mwanangu," alisema. "Masikio bado yako kazini. Nani kamfungua bandeji?"

Nikaanza kueleza habari za wezi. Mke wangu akaingia ndani, akarudi na shajara hii, akamwekea baba yake mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, tena mbele ya shemeji. Mzee akaupapasa mpira. Akacheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke.

Alieleza kwamba bomba lile lilipata ufa zamani, na mpira ule aliukata kwenye baiskeli aliyomfundishia mke wangu kuendesha. Akauzungusha mwenyewe bila kuangalia, vidole vinajua njia. Mluzi ukakoma. Bi Kizee akatulia tuli. Mke wangu alifuta machozi, na mimi pia, ingawa niliwaambia ni vumbi. Shemeji akafuta ile namba kwa kifaa chake, akasema aliujua ugonjwa tangu Jumanne. Kisha akauliza hali ya jirani.

Nikasubiri hukumu. Mzee akasema mtu aliyehangaika wiki nzima kwa ajili ya gari kuukuu hawezi kunyang'anywa. Akatoa kadi mfukoni. Akampa mke wangu aitunze. Mimi akanishika bega.

"Kila kilichofungwa humo nilikifunga kwa sababu," alisema. "Usifungue."

Nimeandika kwa herufi kubwa nisije nikasahau. USIFUNGUE.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Bi Kizee ni wetu. Somo limeniingia.

Tatizo moja tu: shajara haina cha kuifungia, inafunguka ovyo mkobani. Bahati nzuri, nikifuta tope chini ya gari nimekuta waya umezungushwa mara tatu kwenye bomba la moshi, bila kazi yoyote. Mwembamba, unapindika vizuri. Mzee alizungumzia mpira, waya hakuutaja. Sasa shajara imefungwa barabara.

Jioni kuna kitu kimeanza kugonga huko chini, na nyuma yetu watu wanapiga honi na kunionyesha vidole. Wivu. Nimetazama dashibodi kwa makini: hakuna taa hata moja iliyowaka. Utepe bado umeshika.