Wanafunzi Wanaotuharibia Korongo Letu

Kwa Bibi Afisa Mkuu wa Hifadhi ya Ardhi,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na meza yako na mafaili yote yanayokusubiri juu yake. Mimi ni kinyozi. Banda langu liko mwisho wa mtaa, pale lami inapokatikia, na nyuma yake ndipo lilipo lile korongo lililochimbwa na maji ya mvua, ambalo ofisi yako, bila kuniuliza, imeamua kulitibu.

Sina ugomvi na ardhi. Ardhi na ihifadhiwe. Ugomvi wangu ni na wale wanafunzi wa chuo mliotuletea kwa mafunzo ya vitendo, hasa wawili: binti anayewaongoza, ambaye hapa mtaani tunamwita Miwani, na kijana tunayemwita Twiga kwa sababu hawezi kuingia bandani kwangu bila kuinama. Walishuka kwenye gari wakiwa na miche na majembe, wakasalimia nyumba hata nyumba, wakasema wamekuja kulizuia korongo lisije likameza vyumba vyetu, na kwamba yeyote anayetaka kujitolea anakaribishwa. Nilicheka hadi nikamparuza mteja sikio. Mtaa wetu ninaujua. Hapa mtu hajitolei hata kusogea kwenye benchi mwenzake akae.

Sasa sicheki tena. Madhara yaliyonipata ni haya.

1. Wamemtoa mama yangu ndani. Mama anaishi nami, katika chumba cha nyuma kinachotazama korongo. Tangu baba atutoke, alikuwa ametulia kabisa. Pazia limefungwa, redio imezimwa, chai ninaipeleka ya moto na kuichukua ya baridi. Watu walinisifu sana kwa jinsi ninavyomtunza. Basi siku ileile ya kwanza Miwani akabisha hodi, akakaa kitako mlangoni pake na kumwuliza: "Shikamoo, bibi. Eti hapa nyuma, kabla ya korongo, palikuwa na nini?"

Bibi Afisa, ni swali gani hilo la kumwuliza mtu aliyepumzika? Mama akasogeza pazia, akachungulia nje. Halafu akasema palikuwa na njia ya kwenda kisimani, na kwamba kwenye njia hiyo ndipo baba alipomsimamisha mara ya kwanza akajifanya amepotea. Nina umri huu wote na sikuwahi kuambiwa habari hiyo! Akaendelea kusimulia hadi chai ikaisha, akaomba nyingine. Kesho yake nilimkuta kwenye ukingo wa korongo, amevaa koti la marehemu, anafoka: "Wewe mrefu, umekula? Hapa hakuna kuchimba na njaa!" Tangu hapo mimi sina wa kumtunza. Nikimpelekea chai chumbani, nakuta kiti.

2. Wamenimalizia benchi. Benchi la kinyozi si mbao tu, ni watu. La kwangu lilikuwa na wapiga soga wa kuaminika, na mkubwa wao ni Fundi Saa, jirani yangu, tuliyekuwa tukicheza naye drafti kila mchana na kila mchana nikimfunga. Siku moja Miwani alichungulia mlangoni na kuuliza, "Jamani, nani hapa ana mkono usiotetemeka?" Fundi Saa akasimama. Alisimama katikati ya mchezo, kete zake zimebaki chache na nimeshamzingira pande zote. Hajarudi hadi leo.

Siku hizi anazunguka mtelemkoni na fremu ya fito yenye umbo la herufi A, ina uzi na jiwe linaloning'inia katikati, anatafuta mahali ardhi ilipolingana ili mawe yapangwe hapo na maji yasikimbie. Ukimsalimu anajibu, "Usinitikisie uzi." Wenzake walimfuata ili wamcheke. Twiga akawagawia sepetu, akawaambia wanaweza kucheka huku wakichimba. Nao, watu wazima na akili zao, wakakubali.

3. Wamechukua takataka zangu. Tangu nifungue banda, nywele ninazonyoa nilizimwaga korongoni, na korongo halikuwahi kulalamika. Sasa wamekuja kuziomba. Mama amewaambia kwamba mbuzi wanaokula miche hawapendi harufu ya binadamu, kwa hiyo kila mche uzungushiwe nywele. Walijaribu, na mbuzi wakaenda kula kwingine. Nilidhani nimepata nafuu, kumbe ndipo balaa lilipoanza. Sasa kila mtu anataka nywele zake zilinde mti wake. Wanaume wanakuja kunyoa kabla nywele hazijaota. Wamama wanawaleta watoto kwa zamu na kuniambia, "Hizi zifunge peke yake, ni za mti wetu wa kona." Fundi Saa, ambaye kichwa chake kinang'aa kama sahani, alikuja akaniomba nimnyoe kidevu, nisipoteze hata unywele mmoja. Nafanya kazi tangu asubuhi bila kupata nafasi ya kupumzika. Nimelazimika kununua mashine ya pili. Je, ofisi yako ilifikiria jambo hili kabla ya kutuletea watu hawa?

4. Walipata nafasi nzuri ya kushindwa, wakaikataa. Mvua ya kwanza ilishuka mapema, mawe yakiwa bado hayajakaa sawa. Ilisomba mstari wote wa juu, na miche, na siku nyingi za jasho. Mvua ilipokatika, nilitoka na mwavuli wangu, nimeshaandaa na maneno ya pole. Nilimkuta Twiga amechuchumaa kwenye matope, ameficha uso magotini, mabega yanamcheza. Miwani amevua miwani anaifuta, anaifuta, na haikuwa na tone. Nikasema moyoni, haya, sasa watafungasha, Fundi Saa atarudi kwenye drafti yake, na mimi nitarudi kupumzika.

Mama akanipita. Alishuka kule chini kwa magoti yake hayohayo anayosema yanauma, akakaa kwenye matope na koti la baba, akamkumbatia yule kijana. "Lia kwanza," akamwambia. "Mimi nililia mwaka mzima nimefunga pazia, na hakuna aliyekuja kunichimbua isipokuwa nyinyi. Lia, halafu unishike mkono uniinue, maana nimekaa vibaya."

Twiga akaanza kucheka huku analia. Akamwinua. Mama aliposimama, akatazama juu na kuniona mimi, nimekauka na mwavuli wangu. Bibi Afisa, kama una mama unalijua jicho lile. Nilibeba mawe hadi jua likazama, na jirani zangu wote wakabeba. Mgongo wangu haujanisamehe. Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile, nayo ilipita mtelemkoni taratibu kama mgeni aliyevua viatu. Hakuna jiwe lililohama, na ukuta wa chumba cha mama haukupata ufa mpya. Nataja hilo ili tu ujue kwamba sina upendeleo.

5. Kuna vyura. Maji yametuama nyuma ya mawe na vyura wamehamia. Mteja akiniambia "punguza pembeni" mimi nasikia "kroo". Sina la kuongeza hapo.

Kwa sababu hizo, ninaomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Wanafunzi hawa wakatazwe kusalimia wazee. Kama hilo haliwezekani, wakatazwe kuuliza maswali. Kama nalo haliwezekani, basi waondolewe wote, pamoja na fremu yao, na Fundi Saa arudishwe kwenye benchi katika hali niliyomkabidhi. Mwisho, korongo lirudishwe kina chake cha zamani, au tupewe korongo jingine linalofanana nalo, lisilo na vyura.

Nisingependa uone kwamba natia chumvi. Mimi ni mtu wa amani, na nimeishi na wembe mkononi miaka mingi bila kesi. Lakini mtaa ukizoea kujitolea, hujui utaishia wapi. Juzi nilimwona muuza mkaa anamsogezea mwenzake nafasi kwenye benchi.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani wako, wale wa kitalu cha miche, mlinzi wa getini, na hasa dereva wa gari la miche anayepiga honi mbele ya banda langu kila apitapo. Mwambie namsikia. Mama anakusalimu pia, ingawa hajui ninaandika nini, na ninaomba ibaki hivyohivyo.

Ni mimi, mlalamikaji wako mwenye heshima zote,

Kinyozi wa Mwisho wa Lami

Nyongeza baada ya sahihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, Twiga aliinama akaingia, akakaa kwenye kiti na kuniambia, "Nitengeneze vizuri, kaka. Muda wetu umekwisha, kesho asubuhi tunarudi chuoni." Nilimwuliza kama anatania. Akasema ofisi yako ndiyo iliyopanga hivyo. Mama bado hajaambiwa, na ningependa asiwe na la kuambiwa.

Karatasi nyingine sina, kwa hiyo tafadhali, palipoandikwa "waondolewe" soma "waongezewe muda", na pale pa korongo pasome upesiupesi bila kusimama. Barua hii anakuletea Fundi Saa kwa baiskeli. Usimcheleweshe, mpe jibu lako mkononi. Nimemnyoa Twiga upande wa kulia tu, nikamwambia umeme umekatika. Nimeuchomoa waya wa mashine mwenyewe na nimeukalia. Hawezi kupanda basi na kichwa kile, lakini ameshaanza kutazama taa inayowaka juu ya kioo.