Kisu Kinachofunguka kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeaibika leo. Tena mbele ya wanawake wanne na mkuu wa ghala.

Shehena ya madaftari imefika saa tatu asubuhi. Maboksi mia na kitu, yote yamefungwa kwa ile mikanda migumu ya plastiki. Mimi ndiye mpokea mizigo, kwa hiyo kufungua ni kazi yangu. Boksi la kwanza nikalifungua kwa ufunguo wa nyumba. La pili kwa meno. Ufunguo ukapinda. Meno tuyaache.

Mara akatokea Bwana Tayari wa idara ya kusafirisha. Jina lake si hilo, lakini ghala zima linamwita hivyo kwa sababu chochote utakachokihitaji, anacho mfukoni. Kalamu, uzi, pipi za kikohozi. Akachomoa kisu cheusi ukingoni mwa mfuko, akagusa kidude kwa kidole gumba, klik! Mkono mmoja tu! Mkono wa pili ulikuwa umeshika kikombe cha chai na haikumwagika hata tone. Alifungua maboksi kumi na mawili kabla sijamaliza kutema plastiki.

Wanawake wakapiga makofi. Mkuu wa ghala, mama ambaye sijamwona akicheka tangu niajiriwe, akatabasamu.

Basi. Nanunua kisu changu. Cha kisasa!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemweleza mke wangu. Akauliza, kwani kile alichonipa mjomba kina nini?

Nikamweleza kwa utaratibu. Kile cha mjomba kina mpini wa mti uliojaa uchafu. Hakina kibanio cha kukishikiza mfukoni. Hakifunguki mpaka utumie mikono miwili na ukucha, na ukucha wenyewe unaweza kubaki humo. Ndiyo, ni kweli, mjomba alinilea tangu nina miaka sita. Ndiyo, alinipa kisu kile siku nilipopata kazi. Nakiheshimu sana. Kiko kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa. Lakini si cha kisasa.

Mke wangu akasema boksi halijui kisu cha mwaka gani.

Mwishowe akaniruhusu nitumie pesa tulizoziweka kwa ajili ya viatu vyangu. Akasema nikitembea na soli iliyoachama, nisimlalamikie. Mtu mwenye kisu cha kisasa nani atamwangalia miguuni?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya utafiti. Siku mbili mfululizo, saa nzima ya chakula cha mchana, nimetazama video za watu wanaofungua visu na kuvifunga. Sasa nayajua mambo. Chuma kisichoshika kutu. Bapa lisilozidi urefu wa kidole cha kati. Kibanio. Na muhimu kuliko yote, kizuizi, yaani kile kibati cha ndani kinachokaza bapa lisijikunje likiwa kazini.

Nikamwendea Bwana Tayari kijanjajanja. Nikasema ni shemeji yangu anayetaka kununua, mimi namuulizia tu. Akaacha kazi yake, akanieleza mpaka kengele ikalia. Mwenye pesa kidogo anunue kisu kidogo, cha kawaida, kisicho na mapambo. Akishike, akitikise, asikie kama kinacheza. Akifungue, abonyeze mgongo wa bapa kwenye ubao aone kama kitashika. Na akiona bapa limechorwachorwa na kuandikwa maneno mengi, akikimbie.

Niliandika yote. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikatanabahi. Huyu hataki niwe na kisu kizuri kuliko chake! Ndiyo maana anataka ninunue kisicho na mapambo. Nimemgundua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ninacho! Ninacho!

Muuza visu ana kabati la kioo nje ya duka la vitasa. Alinitolea viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu, kimenyamaza kama kimefiwa. Pesa zangu zilikitosha, na chenji ingebaki. Cha pili! Bluu, zambarau na dhahabu, kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Joka limechorwa ubavuni. Kimeandikwa KIKOSI MAALUMU. Kikifunguliwa kinapiga kelele kuliko cha Bwana Tayari.

Tatizo, pesa zilipungua. Nikabembeleza. Nikamwonyesha viatu vyangu. Muuzaji akauliza kama nyumbani sina kisu cha zamani nimuongezee.

Mke wangu alikuwa sokoni. Nilikwenda na kurudi kwa dakika ishirini. Muuzaji akakipokea kisu cha mjomba, akakipuliza vumbi, akakifungua kwa ukucha, akakisogeza kwenye mwanga. Akakigeuza. Akakisogeza tena kwenye mwanga. Ningepaswa kulitilia maanani jambo hilo. Lakini macho yangu yalikuwa kwa joka.

Nilipokuwa namkabidhi, mpini ulikuwa bado na joto la mfuko wangu. Sijui kwa nini naandika jambo hili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asubuhi nimekifungua mara tisa mbele ya watu. Klik! Hakukuwa na boksi, ila nilitaka wazoee. Mwanamke mmoja wa idara ya hesabu akauliza kama ni kisu cha mtoto. Kibanio kimechana mfuko wa suruali. Kufikia saa nane bapa likawa halikati hata selotepu, linaibembeleza tu.

Nikamwonyesha Bwana Tayari. Akakitazama, akasema ni kizuri. Alivyolivuta lile neno, sikupenda.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Shehena nyingine imefika. Mkuu wa ghala alikuwa amesimama pale pale. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikafungua kisu kwa madaha, nikaingiza bapa chini ya mkanda wa plastiki, nikavuta. Kizuizi kikaachia. KIKOSI MAALUMU kikajikunja juu ya kidole changu cha shahada!

Sikupiga kelele. Wengine wanasema nilipiga. Damu imeharibu madaftari dazeni nne, na mkuu wa ghala ameandika kwenye kitabu cha bidhaa mbovu, sababu ya uharibifu: mpokea mizigo.

Plasta ilitoka wapi? Mfukoni mwa Bwana Tayari, bila shaka! Alinifunga kidole taratibu kama nesi. Kisha akakiokota kisu changu, akakifungua, akabonyeza mgongo wa bapa kwa kidole kimoja. Kikalala kama mwavuli. Akakifunga, akanirudishia. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimejaribu kukirudisha. Muuzaji akasema yeye alimuuzia mtu kisu kizima, kidole si mali yake. Nikamwambia basi anirudishie kile cha zamani, joka abaki nalo.

Akasema kile hakikulala hata siku moja kwenye kioo. Kiliuzwa Jumamosi ile ile, kabla hajafunga. Nikamuuliza nani alinunua. Akasema ni mtu mmoja mrefu, mpole, mwenye mifuko mingi.

Nilikaa kwenye ngazi za duka la vitasa mpaka wakanifagilia miguuni.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mjomba amekuja kututembelea. Siku zote huja na machungwa mawili, moja letu, moja lake. Alipomaliza kusalimia, akaniomba kile kisu amenyie chungwa.

Nikasema nimekiacha kazini.

Nilitegemea asikitike. Akafurahi! Uso wote ukafunguka. Akasema kumbe nakitumia, yeye alikuwa akidhani nimekitupa kwenye droo. Akamgeukia mke wangu, akaanza kumsimulia. Kwamba alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa useremala. Kwamba kila Jumapili alikuwa akinichongea penseli saba kwa kisu hicho, tano za shule na mbili za kupoteza, kwa sababu hata siku moja sikurudi na penseli niliyokwenda nayo.

Nilikuwa nimesahau habari za penseli.

Mke wangu akaitazama droo, kisha akanitazama mimi. Akaenda jikoni, akaleta kisu cha kukatia vitunguu, akamenya chungwa mwenyewe. Mjomba alipoondoka, mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, “Kesho ukitoka kazini, usirudi bila hicho kisu.”

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nilikuwa na mpango. Kwanza nikamwambia Bwana Tayari kuwa nimesoma mahali kwamba mipini ya mti ina wadudu wanaohamia kwenye meno. Akacheka. Nikamwambia, kwa wema tu, kwamba niko tayari kumwondolea balaa hilo, nimpe changu chenye joka. Akacheka zaidi. Nikamwongezea siku moja ya likizo yangu. Hapo akaacha kucheka, akaniuliza nina nini.

Kumbe ameshakipenda. Amekisafisha, amekitia mafuta, amekinoa. Kile cheusi chake cha mkono mmoja amekiacha nyumbani! Anasema chuma kama kile siku hizi hukipati, na makali yake yanakaa wiki.

Nikashindwa na mipango yote. Nikamweleza ukweli, nimesimama kati ya maboksi, kidole kimefungwa, soli imeachama. Habari za mjomba, machungwa, penseli, zote.

Akakitoa mfukoni, akakifunga, akakiweka kwenye kiganja changu. Nikamwambia nitamlipa. Akakataa. Nikamwambia basi achukue ile siku ya likizo. Akakataa. Akasema, “Ungeniambia tangu asubuhi, usingehangaika na wadudu.”

Ningependa anitukane. Ningejua la kumjibu.

Halafu akanionyesha mpini. Alipoondoa uchafu, herufi zilikuwa zimetokea. Jina langu, lote limekwenda upande, herufi moja imegeuka nyuma. Nililichonga mwenyewe nikiwa na miaka saba, nikaharibu kifaa cha mtu. Mjomba ni seremala. Maisha yake yote ni msasa. Na hakulisugua.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nimekwenda kwa mjomba kuungama. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Nilipofika nikampa kisu kwanza, ili mkono wangu ubaki mtupu nisiwe na pa kujificha.

Akakifungua. Akayajaribu makali kwenye nywele za mkono wake, zikakatika. Akauliza nani aliyekinoa hivi, maana kunoa alinifundisha yeye na sikushika hata kidogo.

Nikasema nimenoa mimi.

Kwa nini? Sijui! Neno lilitoka lenyewe. Akakilaza kisu gotini. Akaninyooshea vidole vyake, vimekakamaa, havikunji vizuri. Akasema visu vikubwa vinamponyoka siku hizi, na kidogo kama hiki ndicho angekiweza. Alikuwa amefikiria kuniomba. Lakini kwa kuwa nakitumia kila siku, na nakitunza hivi, basi hapana, niende nacho.

Nikasema ndiyo, kila siku. Nikakirudisha mfukoni! Mzee akanisindikiza mpaka barabarani.

Mke wangu amesikiliza yote. Akasema kesho nirudi.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Nimerudi. Nimemwekea kisu mezani, nikasema ni chako, mjomba. Akasema, “Ungenipa jana, nisingekuuliza kitu. Leo lazima nikuulize.”

Nikamwambia kila kitu, hata joka. Alisikiliza huku akimenya chungwa polepole, ganda likashuka utepe mmoja mpaka magotini bila kukatika. Akanigawia nusu. Akasema hana hasira. Akauliza huyo aliyekinoa anaitwa nani, akasema nimsalimie, ni fundi.

Kisha akakifuta kisu, akakitia mfukoni mwake, akapapasa mfuko kwa nje. Nilikuwa nikingoja aseme nitakuja kukichukua siku moja. Hakusema. Tukaongea habari za mvua. Nilipoaga, akaniambia nipite njia ya juu, ya chini ina matope, viatu vyangu havifai.

Nimelia kidogo njiani. Ya juu.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Nyumbani kuna amani. Mke wangu ananiita kwa jina langu la zamani, la enzi za uchumba. Mimi ni mtu mpya.

Leo nimepita karibu na duka la vitasa, nikawa naangalia tu. Muuzaji ana kitu kipya. Si kisu! Ni koleo, lakini ukilikunjua linatoka bisibisi, msumeno, mkasi, kifungua kopo, na tochi. Vifaa ishirini na kimoja kwenye kiganja! Bwana Tayari hana kitu kama hiki. Hata mkuu wa ghala hajawahi kukiona. Na mtu asiseme sijifunzi: safari hii nimekitikisa, nimekibonyeza kwenye ubao, nimekagua kila kizuizi. Hakichezi hata kidogo.

Pesa za viatu ziliishia kwenye joka, na nilizo nazo hazifiki. Muuzaji akaniuliza kwa upole kama hakuna kitu cha zamani kilicholala nyumbani.

Juu ya kabati kuna redio ya marehemu mama mkwe. Haijawashwa miaka minne. Mke wangu huifuta vumbi tu kila Ijumaa, kisha huirudisha pale pale. Redio isiyosikilizwa ina faida gani kwa mtu?

Atarudi saa kumi na moja. Sasa ni saa tisa na nusu. Nimeinyanyua kujaribu. Si nzito.