Mlango Ufungwe kwa Upole

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba gari aina ya Tulivu halina kasoro. Halijawahi kuwa nayo, na haliruhusiwi kuwa nayo. Yale yasemwayo mitaani, kwamba ukibamiza mlango breki ya mkono inaachia na gari linaondoka lenyewe, ni kweli tupu. Lakini hiyo si kasoro. Ni tabia.

Tangazo hilo alilisoma Mkurugenzi wa Mamlaka ya Usalama wa Magari mbele ya kamera. Yule mama mwenye kitambaa cheupe aliyeketi nyuma yake ni mimi. Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Kufunga Milango kwa Upole, na ninawakilisha wajane, waumini na watumiaji wengine wa milango. Ninafungua kikao kwa sala, ninakifunga kwa sala, na hapo katikati ninakunywa soda na kuunga mkono hoja. Shule nimeishia ya msingi, lakini kuunga mkono hakudai cheti.

Mwandishi mmoja wa habari, mkorofi, akauliza, "Kwa nini magari yasirudishwe kiwandani yakatengenezwe?"

"Hatutarudisha gari hata moja," Mkurugenzi akajibu. "Tutawarudi watu."

Tulipiga makofi. Mhandisi wa kampuni akasimama kufafanua. "Gari hili lina hisia," alisema. "Likifungiwa mlango kwa hasira linaumia, linaondoka zake. Ni la kuishi nalo kwa kulizoea." Nilimwelewa vizuri sana. Marehemu mume wangu alikoroma ndoa nzima, wala sikumrudisha kwao.

Kazi ikaanza. Chini ya mteremko, kwenye lango la Mamlaka, likasimamishwa bango kubwa: HASIRA HASARA, FUNGA MLANGO KWA UPOLE, pamoja na picha ya Mkurugenzi akifunga mlango wa gari kwa vidole viwili. Ukumbini ukasimamishwa mlango wa mazoezi, mlango mtupu usio na ukuta, na wenye Tulivu wakapanga foleni kuufunga. Mzee mmoja aliuzunguka tu akaenda zake. Huyo tulimfelisha. Kisha Mkurugenzi akatunga kanuni, nasi tukaiunga mkono: dereva atakayebamiza afutiwe leseni, na ofisa atakayebamiza afutwe kazi papo hapo, bila kumtazama uso.

Ndipo likaja la Taratibu.

Taratibu ni mkwe wangu, amemwoa binti yangu kitinda mimba. Ni dereva wa teksi. Majirani ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hata akifukuzwa na mbwa humwomba radhi kwanza. Siku hiyo alimpeleka abiria kilimani, juu ya soko. Njia nzima abiria yule aligombana na mkewe kwenye simu. Walipofika, Taratibu alizima gari, akavuta breki ya mkono, akashuka kumtolea mzigo kwenye buti. Abiria naye akashuka, akabamiza mlango, akachukua mzigo wake na kuendelea kugombana. Tulivu likaondoka. Likateremka kinyumenyume mpaka kwa kinyozi, likaingia bila kupiga hodi. Ukuta ulianguka, ila hakuumia mtu. Mungu ni mwema.

Mkwe wangu akaitwa mbele ya Kamati. Mashtaka: kukiuka taratibu.

Asubuhi ya kikao binti yangu alikuja kwangu, tumbo la mimba limeshuka, mkono kiunoni.

"Mama, nawe utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mwanangu."

"Utasema nini?"

"Nitafungua kwa sala."

"Wakimnyang'anya leseni, huyu mtoto tutamlisha hiyo sala?"

Nilifunga kitambaa changu, nikaenda kikaoni. Siku hiyo sala niliirefusha kidogo, na soda sikuigusa.

"Wewe ndiye Taratibu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Na unashtakiwa kwa kukiuka taratibu! Mtu unajikiuka mwenyewe, huoni aibu?"

"Naona, mheshimiwa. Ila mlango sikuubamiza mimi."

Akaitwa shahidi, mteja wa kinyozi. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, wa pili una nywele zote.

"Mbona hukumaliza kunyoa?"

"Mheshimiwa, hiki ni kielelezo. Nikimaliza nimeharibu ushahidi."

"Na huyu dereva ulimwonaje? Alikuwa na hasira?"

"Alikuwa analikimbilia gari huku akiliita, 'Samahani, subiri.'"

Mhandisi akakohoa. Mkurugenzi akamgeukia mkwe wangu. "Sikiliza, kijana. Kiri tu kwamba ulikuwa na hasira, leseni tuifute kwa mwaka mmoja. Ukikataa tunaifuta moja kwa moja."

"Nisamehe, mheshimiwa. Sikuwa na hasira."

"Ulikuwa nayo!"

"Labda ilikuwepo, mimi sikuiona."

"Mpumbavu wewe!"

"Ahsante, mheshimiwa."

"Unanishukuru? Kasirika!" Mkurugenzi alipiga meza, soda zikaruka. "Nimesema kasirika!"

"Ninajitahidi, mheshimiwa," Taratibu alisema, na kweli ungemwona anajitahidi, lakini uso haukushika.

Mkurugenzi akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Kikao kimeahirishwa!" Akatoka akiupiga kikumbo mlango wa mazoezi, ukalala chini. Nje, juu ya mteremko, lilimngoja Tulivu lake jeusi alilotunukiwa na kampuni. Dereva wake alikuwa bado ndani anamalizia soda. Sisi tulimfuata hadi barazani. Mkurugenzi akaingia kiti cha nyuma. Akabamiza mlango.

 Gari likaanza kuondoka.

"Mheshimiwa anaondoka bila dereva," alisema katibu.

"Ni haki yake," alisema mhandisi.

Mkurugenzi aligonga kioo kwa mikono miwili. Sisi tukadhani anatuaga, tukampungia. Tulivu likashuka mteremko wote, likalifuata bango kama linalifahamu, na bango likaangukia boneti, hata ule uso mkubwa wenye tabasamu ukamtazama mwenyewe kupitia kioo cha mbele.

Taratibu ndiye aliyetangulia kufika. Ni mara ya kwanza kumwona akikimbia bila kuomba radhi. Alimfungulia mlango, akamshika mkono, akamtoa mzimamzima.

"Gari bovu hili!" Mkurugenzi alihema. "Breki imeachia!"

Nikasogea. "Pole sana, mheshimiwa. Katibu huyu hapa na kalamu yake, aandike lipi? Kwamba ulibamiza kwa hasira, au kwamba gari lina kasoro? Maana ile kanuni ya ofisa anayebamiza tuliiunga mkono sote."

Alinitazama. Akamtazama shahidi na nusu ya nywele zake. Akalitazama bango.

"Nilifunga kwa upole."

"Kwa upole?"

"Upole mno!"

"Na bado likaondoka?"

"Si mmeliona wenyewe?"

"Basi si tabia tena, mheshimiwa. Tabia huja kwa hasira."

"Kitaalamu bado ni tabia..." mhandisi alianza.

"Kasoro!" Mkurugenzi alifoka mpaka mate yakamruka. "Ni kasoro! Andika! Yarudishwe yote!"

Katibu akaandika. Nikaunga mkono hoja, kisha nikafunga kikao kwa sala pale pale barabarani.

"Sasa naweza kumaliza kunyoa?" shahidi akauliza.

Magari yalirudishwa kiwandani, yakafungwa breki mpya, na kinyozi akajengewa ukuta. La Mkurugenzi halikurudi. Kampuni ilisema limepotelea njiani. Leseni ya mkwe wangu iko mfukoni mwake hadi leo.

Juzi tulikuwa tunamtoa binti yangu hospitali, yuko kiti cha mbele na kichanga chake. Mvua ikaanza, na kwenye kituo cha basi tukamkuta Mkurugenzi amejifunika faili kichwani. Taratibu akasimama kumchukua. Mheshimiwa alikaa nyuma pamoja nami mpaka lango la Mamlaka. Akashuka, akaushika mlango kwa nguvu zake zote za zamani.

"Taratibu, mheshimiwa," mkwe wangu alinong'ona.

"Breki si mmetengenezewa?"

"Tumetengenezewa. Mtoto amelala."

Mkurugenzi akasita pale mvuani. Akaufunga kwa vidole viwili.